Shajara ya mradi: maficho ya mgambo wa siri wa Uingereza, 1940, kwa kipimo cha 1:10

Wiki ya 1. Tunajenga nini, na kwa vipimo gani

Tunajenga mfano wa maficho ya chini ya ardhi ya Auxiliary Units, mgambo wa siri waliowekwa katika vijiji vya Uingereza kuanzia Julai 1940. Ubavu mmoja utaachwa wazi ili mtazamaji aone ndani, na mfuniko wa kuingilia utafunguka kwa jiwe la mizani, yaani uzito unaoning'inia na kuuvuta upande, kama ilivyokuwa katika baadhi ya maficho ya kweli. Mradi una swali moja: watu saba waliwezaje kukaa chini ya msitu wa kijiji chao wenyewe, hatua chache kutoka njia ya ng'ombe, jirani asijue? Kila sehemu tunayojenga lazima ijibu kipande cha swali hilo. Isiyojibu haitaingia.

Kwa asiyewafahamu watu hawa: Mei 14, 1940, waziri Anthony Eden aliwaita wanaume redioni wajiandikishe kulinda maeneo yao. Hao ndio baadaye waliitwa Home Guard, mgambo wa wazi, wenye sare na gwaride la Jumapili. Auxiliary Units walikuwa kitu kingine kabisa. Kanali Colin Gubbins alipewa kazi ya kuandaa makundi madogo ambayo, Wajerumani wakishatua, yangezama ardhini, yaache jeshi la adui lipite juu ya vichwa vyao, kisha yatoke usiku kuharibu maghala ya mafuta, njia za reli na ndege zilizoegeshwa. Kule Kent, kusini-mashariki mwa Uingereza, kazi ilianzishwa na ofisa wa jeshi Peter Fleming, makao yake yakiwa nyumba iitwayo The Garth, Bilting. Waliochukuliwa walikuwa wakulima, vibarua wa mashamba, walinzi wa misitu ya uwindaji, na hata majangili waliokuwa wakiwindwa na walinzi haohao. Kigezo kilikuwa kimoja: ujue kila kichaka gizani na uweze kufunga mdomo. Walitia saini sheria ya siri za serikali, wakavaa sare za Home Guard ili wasiulizwe maswali, na wake zao hawakuambiwa.

Kila kundi lilikuwa na watu 4 hadi 8, na kwa jumla walifika kama 3,500. Chakula kilichowekwa chini kilikuwa cha siku 14. Hakuna aliyepanga cha siku ya 15, kwa sababu hakuna aliyetegemea wawe hai.

Maficho yalizidi 500 nchi nzima na hayakufanana. Ya mwanzo yalikuwa mashimo yaliyochimbwa kwa haraka na kuegemezwa mbao. Mengine yalitumia mapango na machimbo ya zamani. Baadaye wahandisi wa jeshi walileta muundo uliozoeleka zaidi: nusu pipa la mabati mazito ya migongo, sakafu ya zege, kuta za matofali miishoni, kisima cha kuingilia upande mmoja na bomba la kutorokea upande wa pili. Huo ndio tunaoujenga. Chumba chake kilikuwa na urefu wa futi 20 na upana wa futi 10 hivi, karibu mita 6 kwa 3. Kwa 1:10 tunapata sm 60 kwa sm 30. Urefu wa kwenda juu tumeuchukua mita 2.1, yaani sm 21.

Tulichagua 1:10 badala ya 1:12 inayopendwa na waundaji wengi kwa sababu ya uzito. Vipimo vikigawanywa kwa 10, ujazo na uzito hugawanywa kwa 1,000: kilo moja ya kweli inakuwa gramu moja kwenye mfano. Mizani ya jikoni inatosha kufanya hesabu zote za mfuniko.

Wiki ya 2. Hesabu ya udongo, kabla ya kukata chochote

Wengi huanza na bati. Sisi tumeanza na udongo, kwa kuwa ndio uliowasumbua kwanza wale waliochimba.

Chukua chumba chetu. Ukikata nusu pipa hilo kwa upana unapata eneo la karibu mita za mraba 5, na kwa urefu wa mita 6 ni mita za ujazo 30. Ongeza sakafu na kuta, 4 hivi. Kisima cha mita 3 kwenda chini, 3. Bomba la kutorokea la mita 10 lenye upana wa nje wa sm 90, kama 6. Hizo ni mita za ujazo 43 za udongo ambao hauna pa kurudi. Ukichimbwa hulegea na kuvimba kwa robo hivi, unafika 54. Toroli moja la bustani hubeba lita 60. Kwa hiyo ni matoroli 900, tani 77, na kila toroli lina udongo wa chini ambao rangi yake si ya udongo wa juu.

Hapo ndipo siri ingevujia. Udongo wa chaki wa Kent ni mweupe. Ukimwagwa kwenye majani yaliyooza unaonekana kutoka mbali, na rubani wa upelelezi anauona pia. Walichofanya ni kuubeba usiku na kuutawanya mbali, kuumwaga mitoni, au kuutupa kwenye mashimo yaliyochimbwa na mabomu ya adui, ambako udongo mbichi haukumshangaza mtu. Wahandisi waliochimba walitolewa maeneo ya mbali, na mwanakijiji aliyewauliza aliambiwa kwamba ni ghala la chakula cha dharura.

Kwenye mfano tumeamua kuuonyesha udongo huo. Pembeni ya meza kutakuwa na trei yenye lita 54, kiasi halisi kwa kipimo, ukiwa umewekwa rundo moja. Lita 54 zinajaza ndoo mbili kubwa na zaidi, na rundo linaonekana kubwa kuliko maficho yenyewe. Tumetumia mchanga mkavu uliochanganywa na unga wa chokaa, kwa kuwa udongo wa kweli ungeota ukungu ndani ya trei.

Wiki ya 3 na ya 4. Mabati

Vifaa: makopo ya soda ya mililita 330, alumini. Kopo likikatwa kichwa na kitako linatoa karatasi ya sm 20 kwa sm 9. Mzingo wa tao letu ni sm 57, kwa hiyo karatasi tatu zinaunda pete moja zikipandana sm 1.5 kila kiungo.

Migongo tumeitengeneza kwa kipimo cha bati la kawaida, mm 76 toka mgongo hadi mgongo, yaani mm 7.6 kwetu. Kiolezo ni vipande viwili vya plaiwudi vilivyogundishwa vijiti vya shaba vya mm 3, kimoja chini na kimoja juu, vikiwa vimepishana. Weka karatasi katikati, kaza kwa jeki ya seremala. Usikaze kote kwa mara moja: anza mgongo wa kati kisha nenda pembeni, la sivyo karatasi inashikwa kingo zote mbili na kuchanika katikati. Upana wa sm 9 unabaki kama 7.8 baada ya kukunjwa, na ukiondoa mgongo mmoja wa kupandiana unabaki na sm 7. Urefu wote wa chumba ungehitaji pete 9. Sisi tunafunika theluthi mbili tu, pete 6, karatasi 18. Tengenezeni 25. Saba zetu ziliharibika.

Ziliharibika kwa sababu hii: bati lililokunjwa migongo hukataa kupinda kwa kufuata migongo hiyo. Ndiyo nguvu yake, na ndiyo maana tao hili liliweza kubeba sm 60 za udongo juu, zaidi ya tani moja kwa kila mita ya mraba, bila nguzo katikati. Alumini ya kopo ni ngumu, ukiilazimisha inajikunja kipembe badala ya kuzunguka. Dawa ni kuilainisha kwa moto kabla ya kuikunja. Futa rangi kwa msasa wa namba 240, paka sabuni ya mche, pitisha mwali wa jiko la gesi chini yake polepole hadi sabuni iwe nyeusi, kisha iache ipoe. Sabuni ikishakuwa nyeusi simama hapohapo. Ukiendelea alumini inatoboka bila kukuonya. Fanyia nje, kwa sababu ndani ya kopo kuna ngozi ya plastiki inayotoa moshi mbaya.

Baada ya hapo karatasi inapinda juu ya kiolezo cha mbao kwa kukandamizwa na kitambaa kizito, kidogokidogo, kutoka kiunoni kwenda juu. Viungo tumevibana kwa pini za mm 1 zilizokatwa vichwa, sita kila kiungo, na kuzigundisha kwa ndani.

Wiki ya 5. Kisima na matofali

Kisima chetu kina sm 75 kwa 75 ndani na kinashuka mita 3. Tofali la Kiingereza la wakati huo, pamoja na mota yake, linachukua sm 23 kwa urefu na kama sm 7.6 kwa mstari, kwa hiyo mistari 39. Ukitoa mlango wa kuingilia chumbani, ni matofali kama 520 kwa kisima peke yake.

Tuliyakata kutoka udongo wa mfinyanzi unaokauka bila moto. Kundi la kwanza, matofali 200, tulilitupa lote. Udongo ule ulipokauka ulisinyaa asilimia 6, tofali la mm 21.9 likawa 20.6, na tulipofika mstari wa kumi kona hazikukutana tena. Sasa tunakata kwa vipimo vikubwa: mm 23.3 kwa 11.2 kwa 7.1. Yakauke kati ya mbao mbili siku mbili, yasijipinde. Mota ni jasi iliyotiwa masizi kidogo na gundi nyeupe, uzito wa mtindi.

Mkabala na mdomo wa kisima, ndani ya chumba, kuna ukuta mfupi unaosimama peke yake. Wageni wa kwanza walioona mfano walidhani ni wa kuficha choo. Kazi yake ni kukinga mlipuko: adui akigundua kisima na kutupa bomu la mkono, vipande viishie kwenye ukuta huo, na watu wapate sekunde za kuingia kwenye bomba la nyuma. Kwa hiyo lazima uwe mpana kuliko mlango. Sisi tuliuzidisha sm 20 za kweli kila upande, na mtu anaupita kwa ubavu.

Bomba la kutorokea ni bomba la zege la maji ya mvua, upana wa ndani sm 75, na mtu alitambaa humo kwa magoti na viwiko. Tumetumia bomba la plastiki la mm 75 lililopakwa mchanga na gundi. Mdomo wake wa nje unatokea ndani ya kichaka kwenye mteremko. Bomba literemke kuelekea nje. Jaribio letu la kwanza lililala usawa kabisa. Tulipomwagia msitu maji ya mvua, sakafu ya chumba ilijaa maji baada ya dakika nne.

Wiki ya 6. Maji

Jaribio lile lilitufanya tusimame wiki nzima. Tulidhani maji yanapita kwenye viungo vya mabati. Tuliziba vyote kwa gundi, tukamwagia tena, yakaingia vilevile. Tulipokata udongo pembeni tukaona njia yake: yanashuka kati ya ukuta wa shimo na udongo uliorudishwa.

Sababu ni rahisi. Shimo likichimbwa kwenye udongo wa mfinyanzi linakuwa beseni. Udongo uliorudishwa pembeni ya bati ni mlegevu kuliko ule usioguswa, kwa hiyo mvua yote ya eneo lile huteremka hapo na kusimama chini. Kwenye chaki maji hunywewa. Kwenye mfinyanzi mzito hukaa. Ndiyo sababu maficho ya aina moja yaliweza kuwa makavu upande mmoja wa wilaya na bwawa upande mwingine, na ndiyo sababu bati huoza kwanza kwenye mstari wa sakafu.

Marekebisho: mtaro wa kokoto mm 15 kuzunguka sakafu yote, ukielekea kwenye kishimo cha sm 4 chini ya mdomo wa bomba. Sakafu imeinuliwa mm 3 upande wa vitanda. Lita 2 za maji zilizomwagwa kwa dakika kumi sasa zinatoka zote kwa bomba.

Wiki ya 7 na ya 8. Mfuniko

Huu ndio moyo wa mradi.

Mfuniko ni trei ya mbao iliyojazwa udongo wa msitu, majani na mizizi midogo, ikilala usawa na ardhi. Ukitembea juu yake usisikie mlio wa mbao tupu. Hilo linahitaji udongo mzito: trei ya sm 75 kwa 60 yenye udongo wa sm 15 inabeba lita 67, kilo mia moja na ushee, bila mbao. Hakuna anayeinua hiyo kimyakimya akiwa amesimama kwenye ngazi ndani ya kisima chembamba. Kwa hiyo nyaya zilipita kwenye makapi, yaani magurudumu madogo ya kupitishia kamba, hadi kwenye jiwe la mizani lililoning'inia ndani ya kisima, na komeo lililofichwa likifunguliwa mfuniko ulipanda.

Trei yetu ina mm 75 kwa 60 kwa 15. Pamoja na mbao na udongo mkavukavu ina gramu 118. Tukaweka jiwe la gramu 110, risasi za kuvulia samaki zilizofungwa ndani ya bomba la shaba. Haukutikisika. Tatizo lilikuwa makapi: tulitumia ya plastiki yenye tundu pana, na msuguano ukala gramu 15. Msuguano haupungui kwa mara 1,000 kama uzito. Mfano mdogo huumizwa nao kuliko kitu cha kweli. Tulibadilisha tukaweka vipande vya bomba la shaba la mm 4 juu ya pini za chuma za mm 1, tone moja la mafuta ya cherehani, na uzi wa kuvulia badala ya uzi wa nguo unaonyonya unyevu na kurefuka. Msuguano ukashuka hadi gramu 4. Sasa gramu 12 zinatosha kuuinua. Kwa ukubwa wa kweli, kilo 12.

Kisha tukaunyeshea mvua. Udongo ulinywa maji na trei ikapanda hadi gramu 137. Sasa tofauti na jiwe ni 27, na ukiongeza msuguano ni 31, maana yake mtu aliye chini anasukuma kilo 31 juu ya kichwa chake. Inawezekana, kwa taabu na kelele. Tukauacha ukauke siku tano karibu na dirisha lenye jua. Ukashuka hadi gramu 105, chini ya jiwe lenyewe, na tulipogonga meza kidogo mfuniko ukajiinua milimita mbili.

Hizo milimita mbili ni sentimita mbili za kweli: mstari mweusi wa pembe nne katikati ya majani, mahali ambapo msitu hauna mstari mnyoofu hata mmoja. Yaani kiangazi kirefu kingeweza kuwauza bila mtu kusema neno. Kwa hiyo komeo ni la lazima hata pale ambapo mizani inaonekana kutosha, na jiwe lazima liwe la vipande ili lipunguzwe au kuongezwa kufuata hali ya hewa. Letu sasa ni vipande vitano: kimoja cha gramu 90 na vinne vya gramu 5.

Mimea nayo ina ukali wake. Majani yaliyokatwa na kubandikwa juu hufa kwa siku chache na kugeuka rangi kabla ya majirani zake. Trei lazima ipandwe, na mizizi yake imwagiliwe kwa sababu imetengwa na ardhi. Tumepanda kuvumwani halisi, na tunainyunyizia kila asubuhi. Na maji hayo ndiyo yanayobadilisha uzito.

Kengele: katika mojawapo ya maficho ya Kent, aliyerudi alitumbukiza gololi kwenye tundu lililofanana na la panya. Ilibingirika kwenye bomba la futi 12 na kudondoka ndani ya kopo la bati, na waliokuwa chini wakajua wa kwao yuko juu. Bomba letu ni la shaba, sm 37, upana wa ndani mm 4, na gololi ni ya chuma ya mm 3. Chini ya nyuzi 3 za mteremko hukwama kwenye viungo, tumeweka 6. Tupa la kulainishia midomo ya bomba likupe mdomo mpana upande wa juu wa kila kiungo, usije ukawa na kizingiti.

Wiki ya 9. Pumzi

Mtu aliyepumzika hutoa kama lita 18 za hewa chafu ya kaboni kwa saa. Saba hutoa 126. Ndani ya chumba cha mita za ujazo 30, ukitoa nafasi ya vitanda na makasha, hewa hiyo inapanda karibu nusu asilimia kila saa. Ikifika asilimia 3, kichwa kinauma na pumzi zinakuwa fupi, na hapo ni saa sita au saba tu tangu mfuniko ufungwe. Bado hujawasha taa ya karabai wala jiko la Primus.

Maji yako hivyohivyo. Watu saba hutoa kwa pumzi na jasho kama lita mbili na nusu kwa saa nane, na lita moja ya mafuta ya taa ikiungua huzaa takriban lita moja ya maji. Yote yanakwenda kwenye bati baridi na kudondoka juu ya mablanketi.

Mabomba ya hewa yalikuwa ya udongo wa kuchoma uliong'arishwa, sm 10 hivi, na midomo yake ilifichwa ndani ya visiki au kati ya mizizi. Tuliweka mawili, yote yakianzia darini. Moshi wa ubani tuliouwasha ndani ulizunguka tu na kukaa. Tukashusha moja hadi mm 20 toka sakafuni, tukaliacha lingine juu: hewa baridi ikaingia chini, moto ukatoka juu, chumba kikasafika kwa dakika tatu. Muda huo usihamishiwe kwenye maficho ya kweli, maana joto halifuati kipimo cha 1:10. Mwelekeo wa hewa ndio unaofuata.

Mdomo wa bomba la juu usiwe wazi kuelekea angani. Asubuhi ya baridi pumzi za watu saba hutoka kama ukungu mwembamba, na kisiki kinachofuka kinamwita mtu. Tumeupeleka ndani ya kisiki chenye nyufa tano, ukungu ugawanyike.

Wiki ya 10. Vitu vya ndani

Vitanda vya deka, fremu ya mbao ya mm 5 kwa 5 na wavu wa madirisha: vitatu vya ghorofa na kimoja cha peke yake. Tangi la maji. Choo cha kemikali nyuma ya pazia. Makasha ya chakula 14, moja kwa siku. Mtungi wa rumu uliofungwa lakiri, kwa kuwa kila kundi lilipewa mmoja na halikuruhusiwa kuufungua kabla ya uvamizi. Rafu yenye bunduki ndogo ya Thompson, bunduki ya .22 yenye darubini na kiziba sauti, na visu. Makasha ya baruti tumeyaweka kwenye kishimo tofauti mbali na vitanda, kama makundi mengi yalivyofanya, na tumeyaacha yamefungwa.

Juu ya meza kuna kijitabu cha mm 12, rangi ya kahawia. Mwongozo wao wa mafunzo ulivalishwa jalada la shajara ya mkulima ya mwaka 1939, lenye tangazo la mbolea ya Highworth ifanyayo kazi bila kuonekana hadi uone matokeo. Highworth ni mji mdogo wa Wiltshire ambako waliokwenda mafunzoni waliambiwa wajitambulishe posta. Mkuu wa posta, Bi Mabel Stranks, aliwakagua, akapiga simu, na gari likaja kuwapeleka nyumba ya Coleshill iliyokuwa makao makuu. Tumeandika jalada lile kwa kalamu ya mm 0.03, halisomeki bila lenzi, na lenzi itafungwa kwa mnyororo pembeni.

Wiki ya 11. Njia

Tulikuwa tumeuona msitu umekamilika. Kisha mmoja wetu alitandika njia nyembamba ya miguu kutoka ukingo hadi mfunikoni, ipendeze, na tukaiona haraka kuwa ni kosa kubwa kuliko yote. Watu saba wakipita mahali pamoja mara kumi wanachora njia. Waliotumia maficho haya walijifunza kuja kila mara kwa upande mwingine, kukanyaga mizizi na mawe, na kukaa mbali wakati wa theluji. Njia tumeing'oa. Iliyobaki ni ya ng'ombe, inayopita mita 8 kutoka kisima bila kupinda.

Tumeongeza kishimo cha mlinzi: tundu la mtu mmoja kwenye ukingo wa msitu, lenye waya wa simu uliozikwa hadi chumbani. Baadhi ya makundi yalikuwa nalo. Waya wetu ni wa shaba wa mm 0.2, uko chini ya mm 10 za udongo, na unaonekana kwenye ubavu uliokatwa.

Kwa wanaosoma hapa na wanaishi karibu na misitu ya Kent, Sussex, Norfolk au kwingineko, na wakakutana na shimo la kweli: msiingie. Bati la miaka 80 huoza chini kwanza. Tao hubaki limesimama juu ya kutu na linaweza kuanguka kwa kuguswa. Hewa ndani huweza kuwa mbaya. Popo wengi hulala humo majira ya baridi, na sheria ya Uingereza inakataza kuwasumbua. Ardhi ina mwenyewe, aombwe. Mkiona chupa, mikebe au chochote kinachofanana na silaha, ondokeni bila kukigusa, kisha pigieni polisi simu. Chupa za fosforasi za wakati ule bado huibuka na huwaka zikipata hewa. Pimeni mkiwa juu, pigeni picha, na mahali penyewe msipatangaze.

Wiki ya 12

Makundi yalivunjwa Novemba 1944. Hakukuwa na gwaride. Walipewa beji ndogo ya ngao yenye namba 201, 202 na 203, za vikosi ambavyo watu hawa waliorodheshwa ndani yake, beji ambayo jirani asingejua maana yake. Maficho mengine yalilipuliwa au kufukiwa, mengine yakaachwa. Tumepaka kutu nje ya bati kwenye mstari wa sakafu, sm 2 tu, unga wa kutu halisi na gundi, kuonyesha pale yatakapoanza kuanguka.

Imebaki kazi moja. Leo kuvumwani ya trei imeanza kuchipua na mfuniko una gramu 124. Tumeongeza kipande kimoja cha gramu 5 kwenye jiwe, sasa 115. Tutapima tena Jumamosi, baada ya siku tatu bila kunyunyiziwa, na kuandika hapa kama komeo limeshika.